Miaka 16 ya kusaka jeni moja: Huda Zoghbi na ugonjwa wa Rett

Mtoto wa kike anazaliwa salama. Ananyonya, anacheka, anakaa, pengine anaita mama na kushika kijiko mwenyewe. Kati ya mwezi wa 6 na wa 18 maendeleo yanasimama. Kichwa kinapunguza kasi ya kukua, maneno machache aliyokuwa nayo yanapotea, na mikono iliyokuwa ikichezea vitu inaanza kusokotana mbele ya kifua kutwa nzima, kama anayenawa bila maji. Mikono hiyo ndiyo inayomwambia daktari anayejua. Wengi hupata pia kifafa, pumzi inayokatika kisha kurudi kwa kasi wakiwa macho, mgongo unaopinda na choo kigumu kisichoisha. Huu ni ugonjwa wa Rett, na humpata takriban msichana 1 kati ya 10,000.

Anayetaka kuelewa utafiti wa jeni katika magonjwa ya ukuaji wa ubongo unavyofanyika kweli, hatua kwa hatua na makosa yake, namshauri afuate kazi ya Huda Zoghbi, daktari wa neva za watoto na mtafiti wa jeni, juu ya ugonjwa huu. Aliuona kwa mara ya kwanza mwaka 1983. Jeni yake ikapatikana kwenye maabara yake mwaka 1999. Baada ya hapo ndipo swali gumu zaidi lilipoanza, nalo ni la kipimo: ubongo unataka kiasi gani hasa cha protini moja?

Kazi ilianzia kwenye mafaili

Zoghbi alizaliwa Beirut mwaka 1954, na alikuwa ameanza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka mwaka 1975. Mwaka uliofuata alikwenda Marekani, vita vikamzuia kurudi, akamalizia udaktari Meharry, mjini Nashville, mwaka 1979. Kisha akahamia Baylor College of Medicine, Houston, kusomea magonjwa ya watoto na baadaye mfumo wa neva.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshaandikwa. Andreas Rett, daktari wa watoto wa Vienna, aliueleza mwaka 1966, lakini kwa Kijerumani, na karibu hakuna aliyemsoma nje ya hapo. Ilipita miaka 17 mpaka Bengt Hagberg wa Sweden na wenzake wa Ufaransa na Ureno walipochapisha kwa Kiingereza maelezo ya wasichana 35. Makala hayo yalitoka mwaka uleule Zoghbi alipokutana na mgonjwa wake wa kwanza, na muda mfupi baadaye akamwona wa pili, mkubwa zaidi, anayesokota mikono vilevile lakini mwenye jina jingine la ugonjwa kwenye faili.

Alichofanya hapo ndicho kinachostahili kuigwa. Alirudi kwenye kabati la mafaili ya kliniki na kupekua. Wasichana wa aina hiyo walikuwamo, wamefichwa chini ya majina mengine: mtindio wa ubongo, usonji, ulemavu wa akili usiojulikana chanzo. Kila aliyefanana aliitwa, akaangaliwa upya.

Kupanga wagonjwa vizuri ni kazi isiyosifiwa, na utafiti mwingi wa jeni huharibikia hapo. Ukichanganya kundi la Rett na watoto wawili wenye ugonjwa mwingine unaofanana nao, hesabu zako zitaitupilia mbali sehemu ya kromosomu ambayo kumbe ndimo jeni ilimo. Utaendelea kutafuta kwa miaka mahali pasipo na kitu, na hakuna mashine itakayokustua. Maelezo ya kitabibu yanapaswa kuwa makali kiasi kwamba madaktari wawili wasiojuana, wakimwona mtoto mmoja, wafikie jibu moja: alikua kawaida kwanza, alipoteza matumizi ya mikono, alipoteza maneno, ana mwendo wa kuyumba au hatembei, na hakuna historia ya kuumia kichwa wala maambukizi ya ubongo inayoweza kueleza hayo yote.

Ugonjwa wa jeni usiorithiwa

Wataalamu wengi hawakuamini kwamba Rett ni ugonjwa wa jeni. Ukiuliza familia 100, zaidi ya 99 zitakuambia aliyeugua ni mmoja tu. Njia ya kusaka jeni wakati ule ilitegemea koo kubwa: babu anaugua, watoto watatu wanaugua, wajukuu watano wanaugua, nawe unafuatilia kipande gani cha kromosomu wagonjwa wote wanacho na wazima hawana. Bila ukoo hakuna pa kuanzia.

Zoghbi alikuwa na hoja mbili. Wagonjwa karibu wote ni wa kike, jambo linaloelekeza kidole kwenye kromosomu X. Na wagonjwa wanafanana mno, kutoka nchi hadi nchi, kuliko ambavyo sumu au maambukizi yangeweza kuwafananisha.

Hoja nzuri hailipi mshahara wa mtafiti mchanga, hata hivyo. Kwa hiyo, alipojifunza jenetiki ya molekyuli chini ya Arthur Beaudet, alichukua kazi ya pili yenye njia iliyo wazi: ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo wa nyuma taratibu, mtu mzima akaanza kuyumba kama mlevi hadi asiweze kumeza. Kitaalamu huitwa SCA1. Huu ulikuwa na koo kubwa. Yeye Houston na Harry Orr wa Chuo Kikuu cha Minnesota walishirikiana, wakaona kosa lenyewe siku moja, tarehe 8 Aprili 1993, kila mmoja kwenye maabara yake: herufi tatu za DNA, CAG, zimerudiwarudiwa kupita kiasi. Kwa watu wazima wa afya hurudiwa kwa kawaida chini ya mara 36. Kwa wagonjwa ni takriban 39 na kuendelea, na kadiri zinavyozidi ndivyo ugonjwa unavyoanza mapema.

Naitaja SCA1 kwa makusudi. Anayeanza utafiti leo na kulipenda swali lisilo na njia, asiliache, ila awe na swali la pili linaloweza kujibika ndani ya miaka mitano. La pili ndilo litakalompa maabara, wanafunzi na fedha za kuendelea na la kwanza.

Dada wa tumbo moja

Njia ya kuingilia Rett ilipatikana kwenye familia chache mno zenye wagonjwa wawili. Zenye manufaa zaidi zilikuwa zile za dada wa tumbo moja, baba mbalimbali, wote wawili wakiwa na Rett.

Fikiri hivi. Mama ana X mbili. Anapotengeneza yai, X hizo hukatana na kubadilishana vipande, kisha yai hubeba X moja iliyochanganywa. Kama dada hawa wawili walipata kosa lilelile kutoka kwa mama yao, basi mahali jeni ilipo lazima wote wawili wawe na kipande kilekile cha mama. Popote ambapo dada mmoja ana kipande cha X ya kwanza na mwenzake ana cha X ya pili, jeni haipo hapo. Unachora X nzima, kama herufi milioni 155 za DNA, na kuweka wino mweusi kila mahali ambapo hawalingani. Familia moja inafuta karibu nusu. Ukipata ya pili, na binti na mama yake mdogo wenye Rett katika familia nyingine, unafuta zaidi. Ni kazi ya kuondoa, na kile kinachobaki bila wino ndicho unachokipekua.

Kilichobaki kilikuwa ncha ya mkono mrefu wa X, eneo liitwalo Xq28. Ni eneo lenye jeni nyingi, na mtu angetamani kuanza na zile zinazojulikana kufanya kazi kwenye ubongo. Maabara ilizipima moja baada ya nyingine, na kila iliyotoka safi ilifutwa kwenye orodha.

Aliyeiona hatimaye ni Ruthie Amir, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara hiyo. Njia waliyotumia inafaa kuelezwa, maana inaonyesha uwezo na udhaifu wa zana za wakati ule. Unachukua DNA ya mgonjwa, unanakili kipande kimoja kimoja cha jeni kwa PCR, njia ya kutoa nakala nyingi za DNA, kisha unakichemsha nyuzi zake mbili ziachane na kukiacha kipoe polepole. Msichana ana nakala mbili za jeni, moja nzima na moja yenye kosa. Zinapopoa, nyuzi nyingine hushikana na wenza wasio wao, na mahali penye herufi isiyolingana uzi unafanya kijivimbe. Ukiupitisha kwenye jeli yenye umeme, uzi wenye kijivimbe unachelewa. Kwenye picha unaona mstari wa ziada pembeni ya mstari wa kawaida. Ukiuona, ndipo unasoma herufi kamili za kipande hicho, za mtoto na za wazazi wote wawili.

Jeni ilikuwa MECP2. Protini yake haikuwa ngeni. Mtafiti Adrian Bird na wenzake walikuwa wameigundua mwaka 1992 bila kuihusisha na ugonjwa wowote. Haikuwa juu kwenye orodha ya washukiwa kwa sababu iko karibu kila mahali mwilini, na kosa ndani yake lingetarajiwa kuharibu kila kiungo. Kumbe ubongo ndio unaoitegemea kuliko viungo vingine.

Matokeo yaliyochapishwa Oktoba 1999 yalikuwa ya kiasi. Kati ya wagonjwa 21 wasio na ndugu mwenye Rett, makosa yalionekana kwa 5. Leo tunajua zaidi ya asilimia 95 ya wenye Rett halisi wana kosa kwenye MECP2, kwa hiyo wengi wa wale 16 huenda walikuwa nalo pia ila jeli haikulikamata au halikuwa kwenye sehemu zilizopimwa. Kilichoshawishi ni wazazi: hawakuwa na makosa hayo. Yalikuwa mapya kwa mtoto. Na wale dada wa tumbo moja? Wote wawili walikuwa na kosa moja, ambalo halikuonekana kwenye damu ya mama yao. Mama alikuwa nalo kwenye baadhi ya mayai tu. Familia ileile iliyosaidia kuchora ramani ikaeleza pia kwa nini ugonjwa wa jeni unaweza kumkosa mama na kuwapata binti wawili.

Herufi moja, C kuwa T

Tusogee karibu tuone kosa lenyewe. Makosa 8 tu yanaeleza zaidi ya nusu ya wagonjwa wote wa Rett duniani, na yote ni ya namna moja: herufi C imekuwa T.

Chukua lile liitwalo R168X. Mahali hapo jeni ina herufi CGA, agizo la kuweka ajinini, moja ya asidi amino zinazojenga protini. C ikigeuka T inakuwa TGA, na TGA ni agizo la kusimama. Protini inayopaswa kuwa na asidi amino 486 inakatiwa kwenye ya 168. R255X, R270X na R294X ni CGA kuwa TGA vilevile, sehemu tofauti.

Kwa nini C hizo hasa? Kwa sababu zimefuatwa na G, na C iliyofuatwa na G mara nyingi hubandikwa alama ndogo ya kemikali iitwayo metili. C yenye metili ina tabia mbaya: ikipoteza kikundi chake cha amino inageuka T halisi, na mitambo ya ukarabati ya seli mara nyingi haishtuki kwa sababu T ni herufi halali. Jambo linalonigusa kila ninapolieleza ni kwamba kazi ya protini ya MECP2 ni kuzisoma alama hizohizo za metili kwenye DNA na kusaidia kudhibiti jeni nyingine. Alama inayosomwa ndiyo inayomharibu msomaji.

Mbegu za baba zina metili nyingi na hupitia migawanyiko mingi ya seli, kwa hiyo makosa mengi ya Rett yanatokea upande wa baba. Na baba humpa X binti yake tu. Mwana hupewa Y. Hii ndiyo sababu kubwa ya wagonjwa kuwa wa kike, kuliko ile dhana ya zamani kwamba wavulana wote wenye kosa hufia tumboni. Wavulana wachache huzaliwa nalo. Wengi wao huugua vibaya sana tangu wachanga, kwa kuwa hawana X ya pili.

Binti anayo, na kila seli yake huzima X moja na kuiacha nyingine ifanye kazi, kwa kubahatisha. Ubongo wake unakuwa kama mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi mbili: seli zenye protini nzima zimepakana na zisizo nayo. Bahati ikiegemea upande mmoja, binti wawili wenye kosa moja wataugua tofauti kabisa. Wako wanawake waliobeba kosa bila dalili kwa sababu seli zao karibu zote zilizima X mbovu. Hivyo, daktari asimwahidi mzazi ukali wa ugonjwa kwa kutazama jina la kosa pekee.

Kipimo kinavyodanganya

Jeni ilipojulikana, maabara nyingi zilianza kupima, na familia nyingi zikaambiwa mtoto hana kitu wakati anacho. Sababu zenyewe zinajulikana na bado zinajirudia.

MECP2 ina eksoni 4, yaani vipande vinavyounganishwa kuwa ujumbe wa jeni. Ya kwanza ilidhaniwa haibebi maelekezo ya protini, ikarukwa. Mwaka 2004 ikaonekana kwamba aina ya protini inayotawala kwenye ubongo inaanzia hukohuko eksoni 1. Na hata ukiipima, ina G na C nyingi mno, nyuzi zake zinang'ang'aniana, PCR inakwama. Inabidi kuongeza kemikali kama DMSO au betaini kwenye mchanganyiko ili ziachane.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hana herufi iliyobadilika, ila kipande kizima cha jeni kimefutika. PCR ya kawaida haioni pengo. Itanakili ile nakala nzima iliyo kwenye X ya pili na kukuletea jibu safi kabisa. Hapo unahitaji kipimo kinachohesabu nakala, kiitwacho MLPA, au uchambuzi wa jenomu, yaani DNA yote, unaohesabu nakala. Mzazi wa binti mwenye dalili zote za Rett aliyepewa jibu la "hakuna kasoro" aulize swali moja: je, mmehesabu nakala au mmesoma herufi tu?

Yapo na makosa ya mezani. Damu ya kupima DNA inawekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda; mililita 2 za mtoto zinatosha. Ile ya kijani yenye heparini inazuia PCR, na sampuli inarudishwa baada ya mtoto kuchomwa sindano bure. Chupa igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10 mara tu damu inapoingia, la sivyo inaganda. Jina liandikwe kwenye chupa mbele ya mgonjwa, kamwe lisiandikwe kabla wala baadaye mezani, kwa maana sampuli mbili zikibadilishana hakuna hesabu itakayookoa.

Kidogo ni ugonjwa, kingi ni ugonjwa

Turudi kwenye swali la kipimo cha protini, ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote ya Zoghbi baada ya 1999.

Mwaka 2004 maabara yake ilitengeneza panya wenye protini ya MECP2 kama mara mbili ya kawaida. Mwanzoni walionekana wazuri, hata walijifunza haraka kuliko wenzao. Kisha wakaanza kifafa, mwendo ukaharibika, na takriban asilimia 30 wakafa kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka uliofuata madaktari wakaripoti wavulana wenye nakala mbili za jeni hiyo kwenye X yao moja: misuli dhaifu, hawasemi, kifafa, maambukizi ya kifua yasiyoisha. Panya walikuwa wametangulia kuonyesha ugonjwa ambao kliniki zilikuwa hazijaupa jina.

Sababu iko kwenye wingi wenyewe. Kwenye kiini cha seli ya neva iliyokomaa kuna molekyuli za protini hii zipatazo milioni 16, zimetanda juu ya DNA nzima. Katika mtoto mchanga ni chache, zinaongezeka seli zinapokomaa. Hapo ndipo unaelewa kwa nini msichana wa Rett huonekana mzima miezi yake ya kwanza.

Mwaka 2007, Edinburgh, kundi la Bird lilifanya jaribio lililobadilisha mawazo ya watu wote wa fani hii. Walitengeneza panya ambao jeni yao imezibwa kwa kizibo kinachoweza kuondolewa kwa dawa ya tamoksifeni. Waliwaacha waugue, watetemeke, wapumue kwa shida. Kisha wakaondoa kizibo. Panya waliokuwa karibu kufa walipona dalili nyingi. Seli za neva hazikuwa zimekufa, zilikuwa zikingoja protini. Lakini walipoirudisha jeni kwa haraka, takriban nusu ya panya walikufa. Ilipowashwa polepole ndipo walipona. Kasi nayo ni sehemu ya kipimo.

Upande wa pili, mwaka 2015 maabara ya Zoghbi ilionyesha kwamba panya wenye jeni ya ziada wanaweza kuponywa kwa kupunguziwa. Walitumia vipande vifupi vya nyuzi vinavyoshika ujumbe wa jeni na kuufanya uharibiwe kabla protini haijatengenezwa, vikapelekwa taratibu kwenye ubongo. Kifafa kiliisha na tabia ikarudi. Ukizidisha dozi hapo, umemtoa mgonjwa kwenye ugonjwa mmoja na kumtia kwenye Rett.

Ndiyo maana tiba ya jeni ya Rett ni ngumu kuliko inavyosikika. Kirusi kinachobeba jeni, aina ya AAV9, kina nafasi ya herufi zipatazo 4,700, na maelekezo ya MECP2 yanachukua kama 1,500 tu, yanaingia bila tabu. Tatizo ni kwamba huwezi kumwambia kirusi kiingie kimoja kwa kila seli. Kuna seli itakosa, na kuna itakayopata vitano. Tena karibu nusu ya seli za binti tayari zinatumia jeni nzima, kwa hiyo hata kirusi kimoja kinaweza kuzizidishia. Watafiti wanaweka breki ndani ya jeni yenyewe, vipande vya udhibiti vinavyopunguza utengenezaji protini inapokuwa nyingi. Mwaka 2024 mgonjwa mmoja aliyepewa dozi ya juu kwenye majaribio alifariki, kinga ya mwili wake ikiwa imewaka kupita kiasi, na dozi ile ikaachwa. Kifo hicho kinafaa kukumbukwa kila familia inapoelezwa habari za tiba hii.

Dawa iliyopo sokoni ni trofinetidi, iliyoruhusiwa Marekani Machi 2023 kwa wagonjwa wa miaka 2 na kuendelea. Ni ya maji, inanywewa mara mbili kwa siku, inapunguza baadhi ya dalili bila kugusa jeni, na huharisha wagonjwa wengi sana. Uzito wa mtoto lazima ufuatiliwe.

Njia ya leo, na Kilifi

Kazi iliyochukua miaka 16 leo ingefanyika kwa wiki kadhaa. Unachukua damu ya mtoto, mama na baba, unasoma eksomu zote tatu, yaani sehemu za jenomu zinazobeba maelekezo ya protini, na kuuliza mtoto ana nini ambacho wazazi hawana. Kila binadamu huzaliwa na herufi mpya kama 60 au 70 kwenye jenomu nzima, na kwa kawaida 1 au 2 tu ndizo ziko ndani ya eksomu. Kutoka tofauti zaidi ya 20,000 unabaki na mbili za kuchunguza. Huo ndio uzito wa kuwa na wazazi wote. Ukimpima mtoto peke yake utabaki na mamia.

Katika DDD, mradi wa Uingereza na Ireland wa kusaka chanzo cha matatizo ya ukuaji wa watoto, wenye familia zaidi ya 13,000, takriban asilimia 41 walipata jibu kwa njia hii. Kuna jambo la kuzungumzwa kabla ya sindano, hata hivyo: kipimo cha watu watatu huonyesha pia kama baba ni baba mzazi. Fomu ya ridhaa iseme mapema kwamba hilo linaweza kuonekana na kama litasemwa au halitasemwa. Maabara isiyo na msimamo ulioandikwa itajikuta inaamua ikiwa imeshachelewa.

Kwetu kuna ugumu wa ziada. Ili uamue kwamba tofauti fulani ni kosa, unaangalia kama inaonekana kwa watu wazima wa afya kwenye hazina za data za DNA kama gnomAD. Watu wa Afrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za DNA duniani, na kwenye hazina hizo ni wachache kuliko wa asili ya Ulaya. Tofauti ya kawaida kabisa huko Malindi inaweza kuonekana adimu duniani, ikapewa daraja la "maana haijulikani", na mtoto akaondoka bila jibu. Mradi wa NeuroDev, wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi, Chuo Kikuu cha Cape Town na Broad Institute ya Marekani, uliundwa kwa ajili ya pengo hili. Ulipanga kufikia watu wapatao 5,600: watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, watoto wasio nayo, na wazazi. Wale watoto wa pili, ambao hawana tatizo lolote, ni muhimu sawa na wa kwanza, kwani hao ndio watakaoonyesha tofauti gani ni za kawaida huku kwetu.

Kwa mzazi aliyekwishapewa jibu la "maana haijulikani": weka barua hiyo, na hakikisha ina jina kamili la tofauti kwa mtindo wa c. (badiliko kwenye herufi za jeni) na p. (badiliko kwenye protini), pamoja na toleo la jenomu lililotumika. Baada ya mwaka mmoja au miwili omba maabara ichambue upya data ileile. Damu mpya haihitajiki, na majibu hubadilika kadiri hazina zinavyopata watu wa kulinganisha nao.